Mzee wa Pembeni

Watu wengi wakitazama bendi kwenye televisheni humtazama mwimbaji. Siwalaumu, ndiye anayevaa vizuri. Jicho langu mimi huenda pembeni kabisa, kushoto, karibu na ngoma, alipo mpiga gitaa la besi. Jina lake silijui. Mtangazaji huwataja wenzake wote, akikaribia kumfikia yeye, linaingia tangazo la sabuni. Mimi humwita Mzee wa Pembeni.

Alipofariki mume wangu, babu wa watoto, televisheni yetu ilikaa kimya muda mrefu. Jumapili moja mchana nikaiwasha tu, nyumba ipate sauti, nikamkuta yeye. Anapiga taratibu, macho chini, kiatu kinagonga sakafu. Mwimbaji alikosea, akaanza ubeti mapema. Mzee wa Pembeni hakumkunjia uso, alimzungukia polepole kwa nyuzi zake mpaka akamrudisha njiani. Nikasema moyoni, kumbe bado wapo watu wa namna hii. Siku hiyo ndiyo nilikula nikashiba.

Tangu hapo tumezeeka pamoja. Nilipoanza kuvaa miwani, naye akaanza. Ndevu zake zimekuwa nyeupe nikiona. Mwaka huu wamemwekea kigoda, hasimami tena, na nimepata kumwona akiinama kukohoa huku vidole havijaacha nyuzi.

Jirani yangu wa mlango wa pili, fundi cherehani tunayemwita Bi Sindano, yeye anampenda mpiga tarumbeta.

"Huyo wako anapiga gitaa au anangoja gari?" huniuliza.

"Anangoja wako amalize kelele."

Basi, mwanangu akatuletea televisheni mpya, bapa, pana kama mlango. Ile ya zamani yenye kichogo akaichukua Bi Sindano, kwa kuwa yake ilikuwa imekufa. Nilifurahi. Nikafuta kioo kwa kitambaa laini, nikavuta kiti changu, Jumapili ikafika.

Mzee wa Pembeni hakuwapo.

Mwimbaji yupo, tarumbeta ipo, mpiga ngoma yupo nusu. Sauti ya besi naisikia, lakini mwenyewe simwoni. Nikajua wameweka kanda yake, watu wa televisheni hawashindwi na kitu. Nikangoja watangaze msiba. Likaja la sabuni. Jumapili iliyofuata ikawa vilevile, na nyingine tena. Mkwe wangu, mke wa huyo mwanangu, ningeweza kumwomba anitafutie habari kwenye simu yake. Sikumwomba. Asiyeuliza hajibiwi, na jibu lenyewe nililiogopa.

"Mama, chumvi imezidi?" mkwe wangu akaniuliza, akitazama sahani yangu.

"Chumvi iko sawa, mwanangu. Tumbo tu."

Bi Sindano nilimwambia tukianua nguo. Alishusha beseni akakaa kwenye ngazi.

"Pole, shoga. Amefariki lini?"

"Sijui. Wiki hizihizi."

Akanitazama kama anayepima kiuno cha mteja mbishi. "Sasa Jumapili nilimwona nani? Na lile koti lake la kijivu?"

"Watakuwa wamerudia kipindi cha zamani."

"Wapi. Tarumbeta wangu ndiyo kwanza amenyoa ndevu, na Jumapili kidevu kilikuwa kinang'aa. Kipindi ni kipya. Wako mzima, au mimi naona mizimu."

Sikuthubutu kufurahi. Jumapili nikaenda kwake kabla bendi haijaanza, nikakaa kwenye kiti cha cherehani. Picha ikafunguka, na pale kushoto, kwenye kigoda chake, koti la kijivu, Mzee wa Pembeni.

Lakini mimi ni mtu wa kuhakikisha. Nikaondoka, nikaingia kwangu. Wimbo uleule, mwimbaji yuleyule. Mzee hayupo. Nikarudi.

"Shoga, bado yupo?"

"Yupo. Anakusalimia."

Nikaenda tena kwangu, nikarudi tena.

"Utatulia, au unatafuta pa kutagia?" akasema Bi Sindano.

Mkwe wangu alikuwa amenifuata, soksi ya mtoto mkononi, akidhani nimezidiwa. Nikamweleza yote pale mlangoni, mpaka habari ya kanda. Akaitazama ile televisheni ya kichogo, akaona picha ilivyo ndogo, imezungukwa na ukingo mweusi pande zote. Akaziba mdomo kwa soksi.

"Mama, nisamehe. Ni mimi."

"Wewe umefanya nini?"

"Huo weusi ulikuwa unaniudhi. Televisheni kubwa, picha katikati kama stempu. Nikaivuta kwa rimoti mpaka ikajaa kioo. Kumbe iliyozidi inamwagika nje."

Twende, nikamwambia. Tukaenda wote watatu. Akabonyeza, akabonyeza, picha ikaanza kunywea. Kwanza akaonekana mpiga ngoma mzima, na mikono yote miwili. Halafu ikaja shingo ya gitaa. Halafu vidole. Halafu Mzee wa Pembeni mwenyewe, na kigoda chake, kama mtu aliyekuwa amesimama nyuma ya mlango wangu siku zote hizo akingoja kukaribishwa. Wimbo ulikuwa unamalizika. Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya koti, akavaa.

Nikavuta kiti changu. Nikakaa.

"Tumeponea chupuchupu," akasema Bi Sindano. "Tulitaka kumzika mtu mzima kwa rimoti."

Mwanangu aliporudi kutoka kazini aliduwaa mbele ya kioo. "Televisheni yote hii, halafu mnatazama kapicha haka?"

Akanyoosha mkono kuchukua rimoti. Ilikuwa chini ya mto wangu.

"Kaa, mwanangu," nikamwambia. "Mke wako anapakua. Na mimi leo aniongezee."