Waya wa Kituo cha Mwisho

Chama cha Wenye Magari ya Umeme kilitangaza rasmi kwamba kikombe cha mashindano yake ni cha atakayetangulia kuchaji katika vituo vyote. Kufika tu hakuhesabiki.

Mkunga mmoja ndiye aliyetangulia kufika kituo cha mwisho. Akachomeka waya, mashine ikakataa: betri aliyoijaza katika kituo cha kileleni mwa mlima ilikuwa ingali imejaa, maana njia yote kutoka huko ilikuwa mteremko. Akawasha taa na hita ili umeme upungue, jasho likimtiririka.

Shemeji yake, mshindani mwenzake, akaingia, gari lake likikata roho.

“Chomoa, shemeji. Aliyeshiba halishwi.”

“Na mwenye njaa husubiri zamu yake, shemeji.”

Waya ulikuwa mmoja, naye mkunga hakuuachia. Wakampigia simu mwenyekiti wa Chama. Kamati ikashauriana, ikaamua kwamba waya ubaki ulipo mpaka kikao kijacho.