Mgonjwa wa Kitanda cha Tisa

Nilipochomoa karatasi ya kura ya mtihani na kuona kitanda namba tisa, Shyamoli, mwanafunzi mwenzangu, alinikumbatia mpaka miwani ikanitoka.

"Jhumur, una bahati ya mtende wewe! Umepata Mzee Bera!"

Katika chuo chetu cha serikali cha tiba ya homeopathi hakuna asiyemjua Nityagopal Bera. Kila msimu wa mitihani magoti yake humuuma, hulazwa kwenye hospitali ya chuo, na wanafunzi humgombania. Ameshahojiwa mara nyingi mno, kitabu chetu anakijua kuliko sisi. Nami bahati niliihitaji. Mwaka jana nilianguka mtihani huu huu wa kumhoji mgonjwa, na baba ameshasema nikianguka tena narudi nyumbani Contai, udaktari basi.

Nusu saa ilianza. Kabla sijafungua mdomo, Mzee Bera akaninong'oneza, "Andika, mama. Baridi siiwezi. Feni naichukia. Maji nakunywa kidogo kidogo. Usiku natapatapa kitandani. Dawa yake unaijua?"

"Naijua, mzee!"

"Basi umefaulu. Nenda kanywe chai."

Niliandika mbio mbio mpaka karatasi ikajaa. Kisha nikainua macho. Mzee alikuwa amekaa chini ya feni, shati wazi, miguu mitupu kwenye sakafu ya saruji, na ndiyo kwanza anamaliza gilasi nzima ya maji kwa mkupuo mmoja. Nilichoandika chote kilikuwa cha kitabuni.

Zilibaki dakika kumi na mbili. Nikaichana karatasi.

"We mtoto, una wazimu?"

"La kitabuni silitaki, mzee. Magoti yako yanazidi kuuma lini?"

Halafu nikafanya lile tunalofundishwa tangu mwaka wa kwanza na ambalo sijawahi kuliweza: nikanyamaza. Mgonjwa hakatizwi, wala hatiliwi maneno mdomoni. Dakika ikapita, ya pili ikapita. Nilitamani kupiga kelele.

"Nyumba ikiwa kimya," akasema hatimaye.

Kumbe miaka thelathini alikuwa mkumbushaji wa kundi la maigizo ya jatra, akijibanza pembeni ya jukwaa na kuwanong'oneza waigizaji waliosahau maneno yao. Kundi lilivunjika. Mkewe akafariki. Niliandika kila neno kama alivyolitamka.

Mtahini wetu, Dakta Bagchi, mwanamke aliyekuja kutoka Kolkata na sura ya kutocheka, aliisoma karatasi yangu mara mbili.

"Wenzako watatu wamemhoji huyu tangu jana. Wote wameandika anachukia feni." Akaitazama feni, akamtazama mzee. "Wewe unasema maumivu huzidi kwenye ukimya. Haya, hupungua lini?"

"Anapowanong'oneza wanafunzi majibu, Daktari."

Wodi nzima ikaangua kicheko. Mzee Bera akajifunika shuka gubigubi. Dakta Bagchi aliuma mdomo, akashindwa, akacheka mpaka akashika ukingo wa kitanda.

"Umefaulu," akasema. "Tena vizuri."

Kwetu ukifaulu unainama na kugusa miguu ya mwalimu wako. Dakta Bagchi alikuwa hatua moja tu kutoka nilipokuwa, na watu wote walikuwa wakinitazama. Nikampita. Nikapiga magoti kando ya kitanda, nikaikumbatia miguu ya Mzee Bera, huku nacheka, huku nalia.

"Taratibu, mama!" akapiga ukelele ndani ya shuka. "Magoti yanauma kweli hayo!"