Shahidi Aliyegeukia Ukutani

Semina sizipendi, nasema wazi. Miaka kumi na miwili nimekuwa hakimu wa mahakama ya mwanzo Mbeya, halafu niitwe Iringa siku tatu kufundishwa kusikiliza? Hebu niacheni!

Mkobani nilikuwa na hukumu niliyokwisha kuiandika, ya kusomwa Jumatatu. Hati ya madai ya Tumpe, mjane wa mtaa wa Ilomba, ilisema marehemu mumewe alipewa kiwanja na babaye mzazi, Mzee Gwakisa, wakajenga. Mzee akakana. Nilipomuuliza Tumpe, "Nani alimpa mumeo kiwanja?" alijifunika kitenge usoni, akageukia ukutani, kimya. Mzee akakohoa, akatabasamu. Nikaandika: shahidi anakwepa swali, si mkweli. Nyumba irudi kwa mzee, Tumpe na wanawe watatu watoke.

Siku ya pili, baada ya chakula, ukungu ulikuwa umeshuka mpaka madirishani. Mkufunzi wetu, Mama Damari, akasema kwa sauti ya kubembeleza mtoto, "Fumbeni macho. Mkumbukeni shahidi aliyewaudhi. Sasa simameni mahali pake."

Nikafumba. Sijui kama nilisinzia. Ukumbi uliondoka taratibu, ukungu ukaingia, nikajikuta kizimbani na kitenge kichwani, kinanuka moshi wa kuni. Kwenye kiti cha hakimu nilikaa mimi mwenyewe, nimekunja uso. Jamani, ninavyotisha! Nikataka kujibu, jina likanijaa mdomoni kama ugali wa moto. Ndani ya ukungu mtu akakohoa, nami nikageukia ukutani.

Nilipofumbua macho mashavu yalikuwa yameloa. Nikamsimulia Jailos, hakimu mwenzangu, Mnyakyusa wa Rungwe.

"We Batuli!" akashika kichwa. "Tumpe na Gwakisa ni majina ya kwetu! Na kwetu mkamwana hamtazami baba mkwe, wala hataji jina lake. Umezaliwa Mbeya, hujui?"

Sikujua. Babu yangu alitoka pwani kuja kufungua duka, na sisi wakwe tunakula nao sinia moja. Lakini Mzee Gwakisa alijua, akatabasamu! Nilimkasirikia, nikajikasirikia zaidi. Niliona aibu mpaka chai ikanishinda.

Jumatatu sikusoma hukumu. Nilimwita Tumpe upya, nikamwomba mzee atupishe. Mzee akagoma kutoka nje, akasema ana haki ya kusikia. Kweli, anayo. Nikavua khanga niliyojitanda kwa baridi, nikaifunga kati ya kabati la mafaili na dirisha, mzee nikamkalisha nyuma yake.

Tumpe akateremsha kitenge. Kumbe bado kijana tu.

"Nani alimpa mumeo kiwanja? Jina usitaje."

Nyuma ya khanga mzee akakohoa.

"Huyo anayekohoa, mheshimiwa. Miaka tisa sijamtazama, namjua kwa kikohozi. Siku anamwonyesha mume wangu mipaka nilikuwa jikoni nyumbani kwake, kando ya kiwanja, namsikia. Kila kona alisimama, akasema 'hapa ni pako', akakohoa hivyo hivyo."

Kikohozi kikakatika. Nikasubiri, kalamu mkononi, lakini hakikurudi tena.