Shimo la Risasi

Nzilani alipoanguka hakupiga kelele, na hilo peke yake lingemwambia mtu yeyote kwamba alikuwa mahali asipotakiwa kuwa. Alitulia chini ya shimo, kifundo cha mguu kikimuuma, majani makavu yamemjaa kichwani, akisikiliza kama kuna aliyesikia.

Shimo lenyewe alikuwa na habari zake. Wakati wa vita vikuu vya pili, wanajeshi walipiga kambi katika msitu huu wa Kyamuti kabla ya kupelekwa Burma, wakachimba maghala ya risasi na kuyajenga kwa simiti. Vita vikaisha, miti ikapandwa, watu wakasahau. Bati lililofunika shimo lililiwa na kutu likabaki jina tu, na jina halimbebi mama mwenye mwili wa Nzilani. Kuta zilikuwa laini na zilimpita kimo. Alijaribu kupanda akateleza, akajaribu tena akavunja kucha.

Basi Nzilani, mwenyekiti wa kamati ya msitu, alikuwa akitafuta nini humo wakati msitu umefungwa? Kuni. Kuni tu. Kesho yake mwanawe, Kimanzi, angepeleka mbuzi watatu wa ntheo kwa wazazi wa mchumba wake, maana kwa Wakamba bila mbuzi hao mke si mke, hata azae watoto wangapi. Wageni wa kumsindikiza, kutoka Kathiani, walikuwa njiani, mvua ilikuwa imelowesha kuni za nyumbani, na huku chini ya miti minene matawi makavu yalikuwa yamelala bure. Simu aliiacha nyumbani, isije ikalia na kumuumbua.

Na ni yeye, kwa mdomo wake mwenyewe, aliyeufunga msitu baada ya Muindi, askari wa msitu, kuona nyayo za kakakuona, mnyama aliyedhaniwa ametoweka kabisa huku. Yeyote atakayeingia, Nzilani aliuambia mkutano, atatoa mbuzi. Wa kwanza kunaswa alikuwa jirani yake Kasiva, aliyefuata kuni vilevile. Kasiva alilia kwamba mbuzi aliye naye ni wa ntheo ya mwanawe, Muli. Nzilani akamjibu kwamba sheria haina jirani. Muli hajaoa mpaka leo.

Kitu kikakwaruza pembeni. Nzilani alijibana ukutani mpaka macho yakazoea giza. Lilikuwa fungu la magamba. Kakakuona alijiinua ukutani taratibu, mtoto ameng'ang'ania mkia wake, akateleza, akajikunja juu ya mtoto. Ukuta ulikuwa umejaa alama za kucha zake. Alikuwa amejaribu sana, na sasa alihema kama mgonjwa.

Nzilani aliona aibu, akaona na hofu. Hapo ndipo aliposikia mtu akiimba wimbo wa kanisa kwenye njia ya kisimani, nje ya ua wa msitu, na sauti aliijua. Kati ya watu wote, Kasiva.

Hata hivyo akaita.

Wimbo ukakatika. Kasiva aliuliza ni nani na yuko wapi, akajibiwa. Nzilani alimsihi aingie amtupie mkanda wake wa kubebea mtungi, atatoka mwenyewe, mtu asijue.

"Mimi siingii huko, Mama Kimanzi," Kasiva alisema. Hakuwa na hasira hata kidogo. "Nilishatoa mbuzi. Wewe niambie tu nikuitie nani. Kimanzi ama Muindi?"

Kimanzi angekuja kimyakimya, amvute, na kesho mbuzi watatu wangefika salama. Lakini mnyama angebaki, kwa kuwa hakuna namna ya kusema umemwona bila kusema ulikuwa wapi. Muindi angewatoa wote, yeye na mnyama, lakini angechukua mbuzi mmoja wa faini, na mbuzi wawili hawatoshi ntheo. Nzilani alimfikiria mwanawe na shati lake jipya, akalia. Kakakuona alikwaruza tena, akateleza.

"Muite Muindi," akasema. "Mwambie aje na gunia la kubebea mnyama. Na kamba mbili."

"Mbili za nini?"

"Moja ya kunivuta mimi. Ya pili ya kumvuta mbuzi."