Upepo wa Baba Gaju

Saa sita mchana Gahongayire, mpimaji wa hali ya hewa kwenye uwanja wa ndege, aliachia puto la kupimia upepo, kama kawaida. Lilipofika juu ya mwisho wa njia ya ndege likashikwa. Akapunga mkono. Mumewe, Libère, aliyekamatwa na serikali Oktoba 1990 akafia kizuizini, alilishika kidogo kisha akaliachilia.

Alikuwa upepo angani pale mwaka wa pili sasa. Ndege iliyopita ndani yake iliruka kama debe tupu kwenye barabara ya mawe, na abiria walimwagikiwa na chai. Marubani wa Nairobi walimjua kwa jina.

Lakini nyumbani Kanombe hakukuwa na moto wa matanga uani. Bila moto, majirani hawaji kukaa. Wasipokaa, marehemu hajaliliwa. Eustache, konseye, yaani kiongozi wa mtaa, alikuwa amekataza. Libère hakufa, alisema. Alitoroka.

Wiki ile Eustache alimfuata kazini.

"Madamu, Jumamosi iko mgeni mkubwa anatua. Tumbo yake haiwezi mitikisiko. Mwambie bwana yako akae kando. Akikubali, utawasha moto. Kuni nitaleta mimi."

"Ulete kavu," alisema Gahongayire.

Akaenda mwisho wa njia ya ndege, akasimama kwenye majani.

"Baba Gaju, sogea kule kilima cha pili, Masaka. Ukae huko mpaka tumalize kukulilia."

Upepo ulimvuta kitenge begani, kama Libère alivyozoea kumfanyia jikoni, kisha ukaenda.

Jumamosi ndege ilitua kama jani. Mgeni alishuka na glasi yake ya bia mkononi, imejaa.

Jioni Eustache alileta kuni, kavu kabisa. Majirani wakaja na vigoda na pombe ya ndizi. Moto ukashika.

"Mama, sasa tunaruhusiwa kulia?" Gaju aliuliza.

"Ngoja watu wakae, mwanangu."

Walipokaa, Eustache alisimama na ndoo ya maji.

"Nimefikiri," alisema. "Maiti hapokei amri. Huyu tumemwambia sogea, amesogea. Basi iko hai, iko mtoro. Mtu hai nani anamlilia?"

Akamwaga maji. Majirani waliaga kwa adabu, wakabeba vigoda vyao. Kuni ambazo hazikuungua Eustache alirudi nazo kwake.

Jumatatu saa sita Gahongayire aliachia puto. Lilipanda moja kwa moja, bila kushikwa. Libère alikuwa bado juu ya Masaka, akingoja wamalize kulia.