Mche Uliosimama

Miche yote ya nyanya bandani ilikuwa imeinamisha vichwa, isipokuwa mmoja. Ulisimama kwenye kopo lake karibu na dirisha, majani mabichi, kana kwamba ugonjwa umepita ukausahau.

Mtafiti wa mbegu aliushika kwa vidole viwili. Misimu kadhaa sasa alikuwa akichanganya nyanya tamu za sokoni na nyanya mwitu, kisha akiipanda miche yake katika udongo aliouambukiza ugonjwa wa mnyauko kwa makusudi. Wa kufa, ufe. Utakaopona ndio utakaozaa mbegu ya mashamba ambayo mnyauko huyafagia, meza za sokoni zikabaki tupu.

“Umepona, mama! Huu umepona!”

Mama yake, aliyeuza mboga mpaka magoti yakagoma, alikuwa amemletea chakula cha mchana. Alitabasamu kwa fahari.

“Si nimekwambia mkono wangu una baraka?”

“Mkono gani tena?”

“Niliuonea huruma. Ulipokwenda mkutanoni, nikaumwaga ule udongo mbovu, nikautilia mzuri wa pale mlangoni. Mwanangu, unaitesa mimea kama mama wa kambo!”

Mtafiti alijikalisha juu ya ndoo. Alitaka kufoka, akautazama mkono wa mama. Mkono ule ule ndio uliokuwa ukipekua nyanya zilizooza jioni sokoni, ukamtolea yeye iliyo nzima.

Kesho mkuu wa kituo cha utafiti angekuja kukagua miche. Kukaa kimya kulikuwa rahisi. Lakini mbele ya macho yake alimwona mkulima asiyemjua, akifukia mbegu ile kwa imani, shamba zima.

Akachukua kisu, akaikwaruza mizizi taratibu ili ugonjwa upate pa kuingia, akaurudisha mche katika udongo wenye ugonjwa.

“Utauua,” mama alisema kwa sauti ya chini.

“Huenda.”

“Na ukifa?”

“Nitamwambia mkuu ukweli. Tuanze upya.”

Mama aliutazama mche, kisha bintiye. Majivuno yalikuwa yamemtoka.

“Hata maji nisiupe?”

“Upe maji, mama. Kikombe kile kile cha wenzake.”

“Nikiuonea huruma je?”

“Uonee. Ila usiuguse.”

Mama akapima kikombe, akamimina polepole mpaka tone la mwisho. Kisha akauficha mkono mgongoni, akaushika kwa ule mwingine, wakasimama wote wawili wakitazama.