Ruhusa ya Bi Tabu

Bi Tabu ni kungwi wa kijiji cha Umwe. Nyimbo anazowafundia wanawali hazijawahi kutoka nje ya chumba, na mwanamume hazisikii hata awe mume wake. Alikubali nizirekodi kwa sharti hilo hilo, kwa sababu makungwi wenzake wamebaki wachache na wasichana wa sasa wamehamia Dar. Nikamwapia. Mkuu wetu wa mradi hapa Kibiti, Ridhiwani, mtoto wa Umwe huko huko, naye akamwapia mbele yangu.

Aliapa haraka mno, na mimi mtu wa namna hiyo simwamini. Asubuhi moja nikafungua kile kidirisha cheusi cha kompyuta kisicho na picha wala vitufe, nikaandika amri ya kuliuliza ghala letu la mtandaoni: faili hizi nani anaruhusiwa kuzifungua? Jibu likaja. Mimi, mmiliki. Ridhiwani, mmiliki. Watu wote, kusikiliza.

Watu wote. Yaani hata wale vijana wa bodaboda pale stendi, wakitaka. Nilipandwa na hasira.

"Wafadhili wanataka kazi iwe wazi, Shamsia," Ridhiwani alisema nilipomwonyesha. "Mama zetu hawaingii mtandaoni. Nani atajua?"

"Mie najua."

"Basi acha kama ilivyo. Bosi ni mimi." Akatoka kwenda kunywa chai.

Muda wa chai ulinitosha. Nikafuta watu wote. Nikafuta Ridhiwani. Nikampa umiliki Bi Tabu, kwa ile anwani ya barua pepe tuliyomfungulia kwenye simu yake, halafu nikajifuta na mimi, maana najua wangenibana nifungue.

Aliporudi nikamwambia nilichofanya. Akaivuta kompyuta, akaandika amri ile ile. Ikamjibu kwamba hana ruhusa ya kuona hata hizo ruhusa.

"Fungua."

"Siwezi. Mwenyewe Bi Tabu."

"Nitakufukuza kazi."

"Nifukuze. Nyimbo huzipati."

Akachukua funguo za pikipiki. "Nakwenda Umwe sasa hivi."

"Mwanamume haendi kwa kungwi kuulizia nyimbo, na wewe unajua. Anamtuma mama yake." Nikamtazama usoni. "Na ukimtuma, mweleze kwanza ulichofanya. Ule wimbo wa mwanzo niliorekodi kaimba mama yako."

Ridhiwani akazirudisha funguo mezani, akakaa.